Nilitaka kuipeleka sokoni kampuni ya baba

Agosti 2017, wiki ileile hisa za Vodacom zilipoanza kuuzwa na kununuliwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, nilikuwa kwenye basi nikirudi nyumbani Singida. Pembeni yangu alikaa mwalimu mstaafu aliyekuwa amenunua hisa hizo kwa shilingi 850 kila moja, na furaha yake ilikuwa ya mtu aliyepata kiwanja mjini. Tangu Ubungo hadi Dodoma mazungumzo yetu yalikuwa hayo tu. Aliposhuka nikabaki najiuliza: ikiwa kampuni kubwa kiasi kile inaomba fedha kwa wananchi na hailipi riba, sisi tunaohangaika na benki kila msimu tunazuiwa na nini?

Miaka miwili na zaidi iliyofuata niliitumia kutafuta jibu. Lilinigharimu shilingi milioni 83, usingizi mwingi, na miezi kadhaa ya kusalimiana na kaka yangu kwa shida. Siku hizi wenye viwanda na maduka wananipigia kuulizia lile dirisha la kampuni ndogo pale sokoni. Badala ya kumsimulia kila mmoja kwa simu, nayaweka yote hapa.

Kiwanda chetu kinakamua alizeti. Baba alikianzisha na mashine moja; mwaka ninaousimulia tulikuwa na mashine nne, mtambo mdogo wa kuchuja na wafanyakazi 38. Anayeijua biashara hii anayajua maumivu yake. Mbegu za mwaka mzima zinavunwa ndani ya miezi michache, na asiye na fedha taslimu wakati huo anaishia kuzitazama zikipakiwa kwenye malori ya wenzake. Sisi tulikuwa tunanunua za kutufikisha Novemba. Baada ya hapo mashine zinalala, vijana wanarudi kulima, na wateja wa mafuta na mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa, wanahamia kwingine. Benki ilitukopesha kwa riba ya asilimia 18, dhamana ikiwa hati ya nyumba ya baba. Mwaka ambao ushuru wa mafuta ya mawese ya nje unapungua, bei ya alizeti inaanguka lakini rejesho la benki halipungui hata senti. Nilihitaji bilioni 1 na milioni 200: ya kununulia mbegu za mwaka mzima, na ya ghala la kuzihifadhia.

Nikaanza kusoma na kuulizia. Soko la Dar lilianza biashara Aprili 1998, kampuni ya kwanza ikiwa TOL, watengenezaji wa gesi. Kwa miaka 15 lilikuwa mlango wa wakubwa. Novemba 2013 ndipo likafunguliwa Dirisha la Kukuza Ujasiriamali, wenyewe sokoni wanalitaja kwa herufi EGM, kwa ajili ya kampuni ndogo na za kati, hata zile changa ambazo hazijawa na historia ya faida. Kenya walikuwa wamefungua la kwao, GEMS, mwanzoni mwa mwaka huohuo. Kampuni isiyo na historia ndefu inasimamiwa na mshauri mteule, watu wanamwita Nomadi, utaratibu uliotokana na soko la AIM la London lililofunguliwa 1995. Nomadi anaipima kampuni kabla haijaingia, anaisaidia kuandaa waraka wa matarajio, ile hati ya kuwaeleza wanunuzi habari za kampuni, unaopelekwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na baada ya kuorodheshwa, yaani kuingizwa sokoni, anaendelea kuisimamia ili isije ikaficha mambo. Kwa hiyo pamoja na kulipa ada za kuingia, unakubali pia kulipa mtu wa kukuchunga miaka yote utakayokuwa sokoni.

Nilipofika hapo nikafanya kosa langu la kwanza. Mtu mmoja aliyejitambulisha kuwa mtaalamu wa kuorodhesha kampuni aliletwa kwangu na rafiki wa familia. Alikuwa na suti nzuri, kompyuta yenye michoro ya rangi, na lugha iliyonifanya nione aibu kuuliza maswali. Aliomba milioni 9 za kuanzia. Nikampa bila hata kuwashirikisha baba na kaka, maana nilitaka niwaletee habari iliyokwisha kuiva. Miezi minne baadaye nilikuwa na kitabu cha kurasa 40, robo tatu yake maelezo ya jumla kuhusu kilimo cha Tanzania, na simu yake ilikuwa haipokelewi. Nilipokwenda Dar kuulizia ndipo nikaambiwa jambo ambalo ningelijua kwa nusu saa tu: wanaoruhusiwa kufanya kazi hiyo wana leseni ya Mamlaka, na Mamlaka inatoa orodha ya wenye leseni. Jina lake halikuwemo. Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi ile nikalia. Milioni 9 zilikuwa mishahara ya vijana wetu wa miezi kadhaa. Tafadhali, kabla hujamlipa mtu hata nauli, iangalie orodha hiyo, na umuulize swali moja la wazi: ni kampuni ipi umeiingiza sokoni, na nikiipigia leo watanijibu nini?

Wa pili, ndiye aliyekuwa Nomadi wetu, alikuwa na leseni. Mama mtaratibu, hakunionesha mchoro wowote. Siku ya kwanza aliniomba hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Nikamwambia tunazo. Akaziangalia kwa dakika kumi, akazifunga, akasema, "Dada, hizi ziliandikwa kwa ajili ya benki. Sasa tutafute zilizoandikwa kwa ajili ya ukweli."

Ukaguzi ule ulichukua miezi saba na milioni 27. Naomba nikae hapa kidogo, kwa kuwa humu ndimo kampuni nyingi za familia zitakwama, na hakuna aliyenionya.

Tulikuwa na daftari tatu. Moja la dukani, linaloandikwa na binamu yetu, lenye mauzo yote ya madumu na mashudu. La pili la mhasibu, lenye mauzo yaliyotolewa risiti za mashine tu. La tatu lilikuwa kichwani mwa baba. Mkaguzi alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye adabu, anamwamkia mzee kila asubuhi kabla hajagusa karatasi. Alichofanya ni kuchukua kilo za mbegu zilizoingia, akapiga hesabu ya mafuta na mashudu yaliyopaswa kutoka, kisha akalinganisha na mauzo. Pengo halikuwa dogo. Sehemu ya pengo ilikuwa mafuta yaliyokwenda misibani, harusini, kanisani, kwa shangazi wa Kiomboi, kwa kila ndugu aliyepita akabebeshwa dumu. Sehemu nyingine ilikuwa mauzo ya taslimu yasiyo na risiti. Na sehemu ya tatu aliiandika kwenye mstari mmoja uliotikisa nyumba yetu: "Deni la mkurugenzi kwa kampuni, shilingi milioni 46."

Baba aliusoma mstari ule mara mbili, akavua miwani.

"Hela yangu mimi, nimeikopa kwangu mimi?"

Yule kijana alijibu taratibu sana. "Mzee wangu, kisheria kampuni ni mtu mwingine. Umemlea, lakini ni mtu mwingine."

Baba hakusema neno. Alitoka akaenda kukaa karibu na mashine ya kwanza, ile aliyoanza nayo, ambayo siku hizo ilikuwa haifanyi kazi. Mimi nilimfuata nikakaa naye. Milioni 46 zile zilitusomesha. Zilimtibu mama. Zilijenga darasa la shule ya msingi pale kijijini. Hakuna aliyeiba, na bado yalikuwa maneno ya kweli kwamba mtu wa Mwanza au Mtwara aliyeweka fedha zake kwetu asingekubali mwenyekiti afungue droo na kutoa ya matibabu bila kuandika. Kuingia soko la hisa maana yake ni hiyo hasa, kabla ya mambo ya kengele ya uzinduzi na picha za magazetini. Kama mzee wenu hajakaa na kuzungumza na mtu juu ya jambo hili, msianze. Sisi tulianza bila kuzungumza, na naona bado namdai baba samahani kwa aibu aliyoipata mbele ya kijana wa umri wa mjukuu wake.

Mauzo yasiyo na risiti yalitupeleka TRA. Tulikwenda wenyewe, kwa ushauri wa mkaguzi, kabla ya kuitwa. Kodi na adhabu zilifika milioni 62, tukapewa kulipa kwa awamu. Sizihesabu ndani ya zile milioni 83, kwa kuwa lilikuwa deni letu halali. Soko limetulazimisha tu kulikubali. Ila anayepanga bajeti asisahau kuweka fungu hilo. Hesabu zikisafishwa, kodi ya zamani inaonekana, na huwezi kumwonesha mwekezaji faida ambayo TRA hujawaonesha.

Kiwanja cha kiwanda kilikuwa kwa jina la baba. Lori mbili kati ya tatu zilikuwa kwa jina la kaka. Wakili alisema kampuni haiwezi kuuzia watu hisa ya kitu isichokimiliki. Kuhamisha hati, kuthaminisha na kulipia kodi zake kulikula milioni 11, na kwenye zile lori ndipo tulipogombana na kaka. Yeye alikuwa amezinunua kwa mkopo wake, akazilipia kwa kubeba mbegu zetu. Ni zake au ni za kampuni? Hadi leo sijui jibu la haki kamili. Tulimaliza kwa kumwandikia hisa zenye thamani ya lori hizo, baada ya wazee watatu wa ukoo kukaa nasi jioni mbili. Wakili alitaka kuliandika kwenye barua ya kurasa sita. Wazee walilimaliza kwa kikombe cha uji, kisha wakili akaandika walichosema. Ningerudi nyuma, ningewaita wazee kwanza.

Halafu kukaja suala la kiasi gani tuuze. Sheria ya kodi ya mapato wakati huo ilikuwa inaipunguzia kampuni iliyoorodheshwa upya kodi yake kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka mitatu mfululizo, lakini kwa sharti kwamba angalau asilimia 30 ya umiliki iwe imeuzwa kwa umma. Mwanahisa naye anakatwa asilimia 5 tu kwenye gawio, yaani mgawo wake wa faida, la kampuni iliyo sokoni, badala ya 10. Mimi niliziona nafuu hizo kama asali. Kaka akapiga hesabu yake kwenye karatasi ya sukari: tukiuza asilimia 30, na yeye na dada zetu wawili wana zao, baba anabaki na chini ya nusu. Baba, aliyekuwa amenyamaza wiki nzima, akauliza kama watu asiowajua wanaweza siku moja wakamwondoa. Nomadi alimjibu bila kumzunguka: ndiyo, wakiungana na mmoja wenu. Nilimheshimu kwa jibu lile. Mshauri wa kwanza alikuwa ameniambia hayo ni mambo ya nadharia.

Huku hayo yakiendelea, mimi nilikuwa nimefanya jambo jingine pembeni, na ndilo lililonifungua macho.

Tangu mwanzo nilitaka kujua mwanahisa mdogo anajisikiaje. Nikafungua akaunti kwa dalali wa hisa, nikanunua hisa 2,000 za kampuni moja ya dirisha hilohilo, kwa shilingi 500 kila moja. Milioni moja. Sitaitaja kampuni, kwa kuwa haikunikosea chochote. Ilitoa taarifa zake kwa wakati na ikaita mikutano yake kama inavyotakiwa. Kununua kulikuwa rahisi kuliko kununua simu. Januari 2019 nilihitaji ada ya mtoto, nikampigia dalali auze. Akaweka oda. Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Bei kwenye orodha ilibaki 500, imetulia kama maji ya kisima, na mimi mwanzoni nilidhani utulivu ule ni uimara. Dalali akanieleza kwamba bei haijasogea kwa kuwa hakuna aliyenunua wala kuuza. Ni bei ya mara ya mwisho mtu alipofanya biashara, na mara hiyo ilikuwa zamani. Nilishusha hadi 450. Hakuna. Nikashusha tena. Zilinunuliwa Agosti, kwa 380, na si zote kwa siku moja. Miezi saba. Ada nililipa kwa kukopa.

Nilipopata fedha zile niliumia kidogo kwa hasara ya laki mbili na arobaini, lakini kilichonikosesha usingizi ni kitu kingine. Orodha ya watu niliokuwa nimepanga kuwauzia hisa zetu ilikuwa ya wakulima wanaotuletea mbegu kutoka Mkalama, Iramba na Ikungi, wauza mafuta wetu wa Dodoma na Arusha, na walimu na wauguzi wa mjini kwetu. Nilikuwa nimekwisha kufanya mikutano miwili ya kuwaelezea. Ule wa Mkalama ulifanyika chini ya mti, watu kama sabini, na mama mmoja mwenye ekari tano za alizeti alinyoosha mkono akauliza: "Sasa mwanangu, nikiwapa laki tano zangu leo, mwakani mvua ikikataa, nakuja kwako kuzichukua?"

Nilimjibu kwa kujiamini kabisa. Nilimwambia hatakuja kwangu, atakwenda sokoni, atauza, atapata fedha zake. Watu wakapiga makofi.

Jibu lile lilikuwa sahihi kwenye karatasi. Fedha za toleo la kwanza, kampuni inapouza hisa zake yenyewe, zinaingia kwenye kampuni na zinageuka mbegu, ghala na mashine, kampuni hairudishi. Mwanahisa anayetaka kutoka anamtafuta mwanahisa mwingine, na soko ni mahali pao pa kukutana. Lakini nilikuwa nimemuahidi yule mama mnunuzi ambaye mimi mwenyewe, mwenye simu, dalali na elimu ya chuo, nilimsubiri miezi saba. Mwaka ambao mvua imekataa, nani Singida atakuwa na laki tano za kununua hisa ya kiwanda cha alizeti? Mvua ikimkatalia yeye imenikatalia na mimi, na imemkatalia jirani yake anayetegemewa awe mnunuzi. Wote tungetaka kutoka kwa siku moja kupitia mlango mmoja.

Nikarudi kuitazama orodha ya walioingia EGM kwa jicho jingine. Nilikuwa nimeiona mara nyingi nisiione. Maendeleo Benki, waliofungua dirisha 2013, walitoka kwenye dayosisi ya Walutheri. Mkombozi walitoka kwa Wakatoliki. Benki ya Mwalimu, kwa walimu na chama chao. Mucoba, kwa watu wa Mufindi. Karibu zote ni benki, na kila moja ilikwenda sokoni ikiwa na watu wake nyuma: waumini, walimu, wanakijiji, maelfu wanaosikia tangazo moja Jumapili moja. Watu wale hawakuokotwa sokoni. Walikuwepo kabla. Mimi nilikuwa nakwenda sokoni kutafuta watu, nikidhani hiyo ndiyo kazi ya soko. Wakenya nao, kwa dirisha lao la GEMS, kampuni zilizoingia kwa miaka yote hazifiki kumi, na hazikosekani kampuni za kati kule. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba soko dogo lina wanunuzi wachache, na wachache hao wana hamu na hisa za benki kubwa na kampuni ya bia kwanza, zile zinazouzika asubuhi ukiamka na shida.

Nilimpelekea Nomadi maswali yangu. Alinisikiliza, akanipa hesabu ambayo nilipaswa kuidai siku ya kwanza. Mpaka hapo tulikuwa tumetumia milioni 83: zile 9 zilizopotea, 27 za ukaguzi, 14 za wakili, 18 zake yeye kwa hatua ya kwanza, 11 za hati na 4 za safari na malazi. Kumalizia kungehitaji nyingine kama 120, pamoja na kuchapisha waraka, matangazo ya redio, ada za Mamlaka na za soko, na kamisheni za madalali. Jumla milioni 203 ili kupata bilioni 1.2, karibu shilingi moja katika kila sita. Na baada ya kuingia, kama milioni 45 kila mwaka za Nomadi, ukaguzi, msajili wa hisa, mikutano na taarifa za magazetini. Faida yetu baada ya kodi, katika mwaka mzuri kati ya ile mitatu, ilikuwa milioni 170. "Mkiwa na faida mara nne ya hii," alisema, "nitakuwa wa kwanza kuwasukuma." Ada yake iliyobaki angeipata tu kama tungeendelea, na bado alisema hivyo.

Novemba 2019 bodi ilikaa ikaamua kusimamisha. Nilirudi Mkalama peke yangu kuwaambia. Yule mama wa ekari tano hakuwepo siku hiyo. Nilimfuata nyumbani kwake. Nilimwambia jibu nililompa chini ya mti halikuwa kamili, nikamweleza habari za hisa zangu 2,000. Alinikaribisha karanga, akasema alikuwa amekwisha kununua mbuzi.

Ungedhani nilikuwa na majuto ya zile milioni 83. Kwa zile 9 za kwanza, ndiyo, mpaka leo. Zilizobaki sijutii. Machi iliyofuata benki ilipoomba hesabu, nilipeleka zile za kijana wa ukaguzi, pamoja na kumbukumbu za bodi yenye wajumbe wawili wasio wa ukoo wetu. Riba ilishuka kutoka 18 hadi 15, na kwa mara ya kwanza walikubali mbegu zilizomo ghalani ziwe dhamana, ghala likiwa chini ya msimamizi waliyemteua wao. Hati ya nyumba ya baba ikarudi. Alipoishika aliiweka ndani ya Biblia yake, nadhani bado imo.

Kisha tukauza hisa kwa njia ndogo. Kampuni binafsi kwa sheria yetu ya makampuni hairuhusiwi kutangazia umma hisa zake, na wanachama wake hawatakiwi kuzidi 50 ukiacha wafanyakazi. Kwa hiyo hakuna mikutano chini ya mti. Wakili alituongoza: tuliwafuata watu tunaowajua mmoja mmoja, kwa barua yenye jina lake, kila mmoja akiwa na hesabu za miaka mitatu mkononi na muda wa kumwonesha mtu anayemwamini. Walikubali 14, wengi wao wauza mafuta wetu na wastaafu wawili. Tulipata milioni 310. Ni robo ya tulichotaka mwanzoni, na zilitosha mbegu za kutufikisha Februari badala ya Novemba. Ghala tulilijenga nusu.

Kwenye mkataba niliwekea mkazo kifungu kimoja kuliko vyote, cha kutoka. Kila Aprili mkaguzi anatoa thamani ya hisa. Anayetaka kuuza anaandika barua, wenzake wana siku 30 za kununua kabla ya kutafutwa mtu wa nje, na orodha ya wanaotaka kuongeza hisa inatunzwa ofisini hata pasipokuwa na muuzaji. Wakili aliona natumia muda mwingi mno kwenye ukurasa huo. Nilimwambia ningependa tuusome tena.

Kama na wewe una kampuni na unalitazama dirisha lile, hoja yangu haikukatazi. Anza na ukaguzi wa kweli, hata kama sokoni utakwenda baada ya miaka kumi. Nunua hisa chache za kampuni ndogo iliyoko huko, kisha jaribu kuziuza wakati huna shida, uone. Uliza gharama yote ya mwanzo mpaka mwisho na ya kila mwaka, kwa maandishi, siku ya kwanza. Na andika kwenye karatasi majina ya watu ambao watanunua hisa zako mwaka wa tatu, si siku ya uzinduzi. Makofi hata sisi tuliyapata, chini ya mti.

Mwaka jana mstaafu mmoja kati ya wale 14 aliniandikia barua. Binti yake alikuwa anafanyiwa upasuaji Dodoma, alitaka kuuza nusu ya hisa zake. Niliifungua orodha ya ofisini, walikuwemo watatu. Muuza mafuta wa Arusha akachukua zote kwa bei ya mkaguzi. Tangu barua kuingia hadi fedha kufika kwenye akaunti ya mzee yule zilipita siku 12. Kaka ndiye aliyempigia simu kumwambia zimeingia, kisha akanipigia mimi.